Kimya Kwenye Podikasti Yetu
Jamani, podikasti yetu tunarekodi kwa simu moja, tumejifunika blanketi ili kelele za jirani zisiingie. Juzi tulijadili Zahra's Paradise, katuni iliyoanza kutoka mtandaoni mwaka 2010. Mama mmoja wa Tehran anamtafuta Mehdi, mwanawe wa miaka 19, aliyepotea baada ya maandamano ya 2009. Anazunguka hospitali, magereza, mochwari.

Mimi nilishaandaa alama: michoro nane kwa kumi. Mwenzangu akanyamaza. Kaka yake alipotea njiani wakati wanakimbia, mpaka leo hakuna habari. Halafu akasema polepole, "Huyu ni mama yangu kabisa."

Alama sikutoa tena. Mkisikiliza mkakuta kimya pale katikati, msidhani simu ilizima. Tumekiacha makusudi.