Tanga, Mji wa Nyota Mbili

Msafiri atokaye Segera hupita mashamba ya mkonge kabla ya kuiona bahari. Akifika mjini atateremka Ngamiani, mahali ambapo barabara huitwa kwa namba na wazee hukaa barazani jioni wakipunga upepo. Tanga ndio mji wa "waja leo, waondoka leo", na msemo huo, ndugu msomaji, unazifaa hata nyimbo zake.

Huko Ulaya nyimbo hushindanishwa mbele ya waamuzi. Mwaka 1974 kundi la ABBA la Sweden lilishinda mashindano ya Eurovision mjini Brighton, Uingereza, kwa pointi 24, na wimbo wao ukashika nafasi ya kwanza katika mauzo ya santuri nchini humo. Tanga nayo ilikuwa na mashindano yake, ila hayakuwa na meza ya waamuzi wala kikombe. Miaka ya 1960 vikundi viwili vya taarabu, Black Star na Lucky Star, viliugawa mji. Nyota moja ikitoa wimbo, nyota ya pili haikulala mpaka imejibu. Mwamuzi alikuwa msikilizaji mwenyewe: aliyeguswa na shairi aliinuka kitini, akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu wote.

Ushindani huo ulizaa jambo jipya. Taarabu ya Unguja ilitegemea udi, kanuni na fidla, kwa mtindo wa Misri. Watu wa Tanga walichukua gitaa na ngoma za dansi, wakaufanya mwendo uwe mwepesi, na sauti ya mwanamke wakaitanguliza mbele. Miongoni mwa sauti hizo ilikuwa ya Shakila binti Saidi, aliyeimba katika Black Star na kisha Lucky Star. Wimbo wake "Macho Yanacheka", wa mtu afichaye huzuni kwa tabasamu, ulipendwa pwani nzima na bara pia.

Lakini wimbo ulipendwaje mbali hivyo? Uliondoka. Nyimbo za nyota zote mbili zilitolewa katika santuri za chapa ya Mzuri, iliyokuwa mali ya wafanyabiashara wa Mombasa, zikavuka mpaka na kurudi nyumbani zikiwa bidhaa ya dukani. Shakila naye alihamia Dar es Salaam, akaimba taarabu katika kikundi cha Jeshi la Wananchi. Alifariki dunia mwaka 2016. Waja leo, waondoka leo!

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Mji unaotunga bila kuhifadhi utakuja kuazima sauti yake kwa wengine. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star katika sahani moja, ikaiita "Nyota". Mahasimu waliougawa mji wakakalishwa pamoja, tena ugenini.

Basi ewe mzazi, ukienda Tanga na wanao, usiwaonyeshe Raskazone na mapango ya Amboni peke yake. Keti nao barazani kwa mzee mmoja, umwombe awaambie yeye alikuwa wa nyota ipi. Atacheka kwanza. Kisha ataimba.