RWIMBOGO: NCHI YA KILO NA MIRONKO

Rwimbogo ni jina lililobeba mnyama ndani yake. Kwa lugha ya Kinyarwanda imbogo ni nyati, lakini mgeni afikaye huko leo asitarajie kumwona nyati hata mmoja. Atakachokiona ni migomba, mibuni, mihogo na maharage, vyote vikiwa vimepandwa bega kwa bega hadi ukingoni mwa njia. Katika Rwanda kuna mahali pengine paitwapo Rwimbogo, huko Gatsibo upande wa mashariki. Hii tunayoizungumzia ni ya kusini-magharibi kabisa mwa nchi, katika wilaya ya Rusizi, eneo ambalo hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 lilikuwa mkoa wa Cyangugu, na ambalo wazee wengi wanaendelea kuliita kwa jina hilo hilo.

Wilaya ya Rusizi imegawanyika katika tarafa 18, ziitwazo imirenge, na Rwimbogo ni mojawapo. Msafiri atokaye mji wa Kamembe, juu ya Ziwa Kivu, huteremka polepole kuelekea tambarare ya Bugarama. Ziwa liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama iko chini ya mita 1,000. Baina ya vituo hivyo viwili ndimo zilimo kona, mabonde na migongo ya vilima, na ndimo ilimo Rwimbogo. Upande wa magharibi mto Ruzizi hupeleka maji ya Kivu katika Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya mto milima ya Kongo husimama kama ukuta wa buluu.

Mandhari hayo yatosha kumfurahisha mtu yeyote. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili atokaye Tanzania hawezi kukaa siku mbili katika sehemu hizo bila kutambua jambo jingine. Hapa vipimo vya namna nyingi hukutana: vya Mzungu, vya babu, vya soko na vya nchi jirani. Maneno hufanana, lakini viasi havifanani.

SAA NA SIKU

Jambo la kwanza ni saa. Wanyarwanda wameyachukua majina ya saa kutoka katika Kiswahili, nao huhesabu kama sisi: jua likishachomoza ni saa moja, wala si saa saba. Mgeni hufurahi, akadhani yuko nyumbani. Lakini saa ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa nzima. Ikiwa Dar es Salaam ni saa mbili asubuhi, Rwimbogo ni saa moja. Asiyerudisha nyuma mishale ya saa yake atafika kituoni saa nzima kabla ya basi. Na arudipo kwao bila kuisogeza mbele, atalikosa basi jingine.

Jambo la pili ni siku, na hili ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani kwenye kioo cha saa. Waswahili tunaanza kuhesabu na Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ni siku ya tatu. Wanyarwanda huanza kuhesabu na siku ile tuiitayo sisi Jumatatu, nao huiita kuwa mbere, yaani ya kwanza. Kwa sababu hiyo, kuwa gatatu, yenye neno "tatu" ndani yake, ni Jumatano yetu. Na kuwa gatanu, yenye neno "tano", ni Ijumaa yetu. Mfanyabiashara aambiwaye kuwa soko ni gatanu, akaja Jumatano na magunia yake, atakuta uwanja mtupu na mbuzi wachache. Hesabu zote mbili ni sahihi. Tofauti ni mahali zinapoanzia.

KIPIMO CHA SOKONI

Tuingie sasa sokoni. Nchini Rwanda kilo ni mtu wa zamani. Wajerumani na Wabelgiji, waliotawala nchi hiyo kwa zamu, walikuwa tayari watu wa mita na kilo. Mataifa yao yote mawili yalitia saini Mkataba wa Mita mjini Paris mwaka 1875. Wabelgiji walipochukua nafasi ya Wajerumani mwaka 1916, mtawala alibadilika lakini mizani haikubadilika. Kwetu Tanganyika mambo yalikuwa tofauti. Mwingereza alipowafuata Wajerumani alileta ratili, yadi, galoni na ekari, ambavyo vilikutana na frasila, pishi na kibaba vya pwani. Tulirudi kwenye kilo na mita baada ya Uhuru tu, kuanzia miaka ya mwisho ya 1960.

Ungedhani basi kwamba katika soko la Mnyarwanda ni kilo pekee itajwayo. La hasha. Muulize muuza maharage, naye atakujibu kwa mironko. Mironko ni chombo cha kupimia nafaka, ambacho kwa kawaida hukadiriwa kubeba maharage ya kilo moja na nusu hivi. Ukivuka mto na kuingia Kongo utakuta kopo la Guigoz, yaani kopo la maziwa ya unga ya watoto, ambalo maziwa yalikwisha zamani lakini jina lake likabaki kuwa kipimo cha mchele na unga. Nasi tusicheke, kwani debe letu lilianza vivyo hivyo. Lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni nne, yaani lita 18 na ushei. Mafuta yakaisha, kipimo kikabaki. Siku hizi wengi huita debe hata ndoo au dumu la lita 20. Katika madebe kumi, tofauti hiyo ndogo inakuwa karibu lita 20, yaani dumu zima.

Kwa nini kopo haliondoki? Sheria za nchi zetu zinataka mizani iliyokaguliwa. Rwanda ilianzisha shirika lake la viwango mwaka 2002, na mwaka huo huo Tanzania ilianzisha Wakala wa Vipimo. Lakini kopo lina sifa zake. Halihitaji betri wala fundi. Mama mwenye fedha kidogo hununua kopo moja la maharage, akaona kwa macho yake likijaa mpaka kichwa kikasimama juu ya mdomo wa kopo, kisha akaongezwa konzi moja kwa ajili ya ujirani. Mizani haimwongezi mtu konzi. Kadhalika, mizani yenyewe huweza kuchezewa, na mtu asiyejua kuisoma hana budi kuamini neno la anayeisoma.

Pamoja na hayo, kopo humwibia mnyonge, nalo humwibia mara mbili. Wakati wa mavuno mkulima anayehitaji karo au dawa huuza kwa haraka, naye mnunuzi huja na chombo chake mwenyewe, kipana, kilichogongwa chini kikatanuka, na hukitaka kijae kwa kichwa. Miezi michache baadaye ghala ni tupu, na mkulima yule yule huenda dukani kununua chakula. Safari hii hupimiwa kwa chombo kingine chenye jina lile lile, ila kitako chake kimebonyezwa ndani. Ameuza mironko na amenunua mironko, lakini maharage aliyoyatoa si sawa na aliyoyapata. Huko Tanzania twamjua ndugu wa kopo hilo: ni lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba, ambalo serikali imelipiga marufuku mara nyingi na ambalo mkulima amelibeba mara nyingi zaidi.

Kopo lina udhaifu mwingine. Hupima nafasi, halipimi uzito. Kopo la mahindi makavu na kopo la mpunga wenye maganda haviwi na uzito mmoja hata vikijaa sawasawa. Kwa hiyo "bei ya kopo" haiwezi kulinganishwa kutoka soko hadi soko, wala kutoka zao hadi zao.

Tazama namna zao la kahawa lilivyoshika njia nyingine. Sehemu hizi ni kitovu cha kahawa ya Rwanda. Misheni ya Mibirizi, iliyo katika wilaya hii hii, ilianzishwa na mapadre mwaka 1903, na ndiko inakosemwa kuwa mibuni ya kwanza nchini ilipandwa muda mfupi baadaye. Hata sasa iko aina ya kahawa iitwayo Mibirizi. Mkulima apelekaye matunda mekundu kwenye kituo cha kuoshea huyaweka juu ya mizani, na bei hutajwa kwa kilo. Hapo anaweza kufanya hesabu mwenyewe, kwani kwa kawaida kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi. Mtu auzaye kwa ndoo hana hesabu hiyo. Ana makisio tu.

ARI SI EKARI

Sokoni mtu hupoteza konzi. Shambani anaweza kupoteza urithi. Mnyarwanda hutaja shamba lake kwa ari, na Mtanzania asikiapo ari hudhani amesikia ekari. Ari moja ni mraba wa mita 10 kwa mita 10, yaani mita za mraba 100. Ari 100 ni hekta moja. Ekari, ambayo ni mali ya Mwingereza, ni mita za mraba 4,047 hivi, au ari 40 na nusu. Kwa hiyo mwenyeji wa vilima hivi akikuambia kuwa amerithi ari 30, usimdhanie kabaila. Ardhi yake ni robo tatu tu ya ekari, na juu yake analisha mke, watoto na pengine mama yake mzazi.

Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda ilifanya kazi kubwa ya kuandikisha ardhi yote ya nchi, zaidi ya vipande milioni 10, na kila kipande kikapewa namba yake. Katika nchi yenye watu wengi na vilima vingi, ambako mpaka huweza kuwa mstari wa majani tu, maandishi yenye mita za mraba ni kinga ya mjane na yatima. Kabla ya hapo mengi yalitegemea hatua za miguu na kumbukumbu za majirani. Hatua ya kijana mrefu si hatua ya bibi kizee, na jirani mwenye kumbukumbu naye hufa.

Tuna funzo la kujifunza hapo. Kwetu husemwa kuwa ekari ni hatua 70 kwa 70. Asili ya usemi huo ni yadi: yadi 70 kwa 70 hukaribia sana ekari. Lakini siku hizi watu wengi husema mita 70 kwa 70, wakidhani kuwa mita ni jina jipya la hatua ile ile. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900. Zidio ni zaidi ya mita za mraba 850, yaani ari nane na nusu. Kwa mwenye shamba pana hilo ni pembe tu. Kwa mrithi wa ari 30 ni zaidi ya robo ya shamba lake lote.

Hesabu ya ari ina faida nyingine kwa mkulima mdogo. Bwana shamba akishauri mbolea kilo 100 kwa hekta, ni kilo moja kwa ari moja. Hahitaji karatasi wala kalamu.

NDANI YA NYUMBA

Akina mama na akina baba wa nyumbani nao wasidhani kuwa mambo haya ni ya soko na shamba tu. Mtoto akiharisha, maji ya chumvi na sukari hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Swali ni hili: lita moja hupimwaje katika nyumba isiyo na chombo cha lita? Wengi hutumia chupa kubwa. Lakini chupa kubwa ya bia katika Rwanda na Kongo ni ya sentilita 72, na ile ya Tanzania ni ya nusu lita. Atakayeijaza ya sentilita 72 akaiita lita atakuwa ameuongeza ukali wa dawa kwa karibu asilimia 40, na maji yenye chumvi nyingi humdhuru mtoto badala ya kumponya. Kijiko nacho ni vivyo hivyo: cha chai hubeba mililita 5, na cha chakula hubeba mililita 15, yaani mara tatu.

Basi ni vema kila nyumba iweke chupa moja ya maji iliyoandikwa lita 1, isafishwe vizuri na isitumiwe kwa kazi nyingine. Pakiti za dawa hiyo zitolewazo zahanati ni bora zaidi, ila zisomwe kwanza, kwa kuwa kila pakiti huandikwa kiasi cha maji yake.

Waislamu wa pwani watakumbuka kuwa zaka ya Fitri hupimwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne, ambavyo wengi siku hizi hukadiria kuwa kilo mbili na nusu. Huo ni mfano mwema. Kipimo cha mababu hakikutupwa. Kimewekwa karibu na kilo, na kila mtu anajua kimoja ni sawa na kiasi gani cha kingine.

Hilo ndilo lihitajikalo Rwimbogo na kwetu pia. Haidhuru mtu akitaja mironko, debe au kopo, mradi soko liwe na mizani moja ya hadhara ambayo muuzaji na mnunuzi wanaweza kuikimbilia bila malipo wanapotiliana shaka. Shule nazo ziwafundishe watoto kupima kopo la nyumbani kwa mizani, na shamba la baba kwa kamba ya mita kumi. Mtoto aliyepima mwenyewe kopo la mama yake hatadanganywa kwa urahisi na kopo la mgeni.