Kuacha na Kushindwa

Kitenzi "acha" kiko katika kauli ya kutenda; "shindwa" kiko katika kauli ya kutendwa. Aachaye masomo hutenda, ashindwaye hutendwa. Katika ujana wetu, kuijua tofauti hiyo kulimgharimu baba yetu ng'ombe wawili.

Aliwauza ili tusomee uhasibu jijini Kampala. Mwaka wa kwanza tulifaulu kwa taabu. Mwaka wa pili kila urari tuliouandaa ulikataa kulingana, nasi tukaufunika na kulala usingizi mnono.

Kwetu ni Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako malori yatokayo Mombasa hupanga foleni. Wakati wa likizo tuliwasikiliza madereva. Mmoja alisema "gari hii", mwingine "gari hili", nasi tukakosa usingizi kwa kutaka kujua sababu. Siku moja tulilifungua daftari la uhasibu kwa nyuma, tukakuta kurasa 19 za sentensi za madereva, tumezipanga kwa ngeli. Hakuna mwalimu aliyetuagiza kazi hiyo.

Tulimweleza baba kwamba tunaacha uhasibu ili tusomee ualimu wa Kiswahili. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Lugha ya askari itakulisha nini?" Hatukuwa na jibu. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, yapata miaka 20 baadaye. Siku ile hatukuwa na ahadi yoyote mkononi. Hatimaye baba akasema, "Nenda. Lakini ukiyaacha na haya, ng'ombe wa tatu hayupo."

Hatumshauri mwanachuo aache kila somo linapokuwa gumu. Kiswahili nacho kilitutoa jasho: mnyambuliko wa vitenzi ulitukwamisha muhula mzima, na alama zetu za kwanza hazikuwa za kujivunia. Hata hivyo, kila kosa lilitukera mpaka tukakipata chanzo chake, na asubuhi tulirudi darasani kabla ya kengele.

Basi, mwalimu mtarajiwa, mwanafunzi wako atakapokujia akisema kuwa somo limemshinda, usiishie kumuuliza amepata alama ngapi. Mwombe akuonyeshe nyuma ya daftari lake.