Gharama ya Kazi Irudiwayo

Msomaji, kila jengo lina hesabu mbili. Ya kwanza ni ya fedha, nayo kila mjenzi huijua, maana hutoka mfukoni mwake. Ya pili ni ya moshi, nayo aghalabu haiandikwi katika daftari lolote, maana moshi hutoka mbali na deni lake hulipwa na watu wote. Mimi nalijifunza hesabu hii ya pili kwa hasara, nilipojenga nyumba ya vyumba viwili huko Njiru, mashariki ya jiji la Nairobi. Ningependa wewe uijue kwa kusoma tu.

Ardhi ya Njiru, mahali pengi, imefunikwa na udongo mweusi unaonata. Udongo huo huvimba ukinyeshewa na hupasuka ukikauka. Fundi wangu, mzee aliyekuwa na uzoefu mwingi, aliutazama akasema, "Mwalimu, udongo huu si rafiki wa nyumba. Tuuondoe wote mpaka tufike chini palipo pagumu, kisha tujaze mawe." Nilimwuliza kazi hiyo ingechukua siku ngapi. Akajibu, "Kumi na mbili."

Likizo yangu ilikuwa inakwisha, nami nilitamani kuhamia upesi. Nikamwambia aondoe futi moja tu, kisha amwage zege. Methali ya haraka na baraka naifundisha darasani kila mwaka, lakini siku ile mwalimu hakuwa mwanafunzi mwema. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Nyumba ni yako, Mwalimu."

Mvua za Aprili zilipofika, udongo ulivimba, na sakafu ikainuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Nyufa zake zilipitisha kidole gumba. Hapakuwa na dawa ila nyundo. Mifuko 30 ya saruji, yaani tani moja na nusu, ikageuka kifusi.

Nililia fedha zangu, kisha nikaanza kuwaza juu ya saruji yenyewe. Saruji hupatikana kwa kuoka mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la digrii 1,450 hivi. Moto wa tanuri hutoa moshi. Lakini hata moto ungekuwa safi, mawe ya chokaa yenyewe yakiokwa hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kwa wastani wa dunia, kila tani ya saruji huacha hewani zaidi ya nusu tani ya hewa hiyo, na viwanda vya saruji hutoa karibu sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa ya ukaa itokanayo na kazi za wanadamu. Kwa hesabu hiyo, sakafu yangu ilikuwa imetoa kama robo tatu za tani kabla sijaikanyaga. Kifusi niliweza kukizoa, lakini hewa ile sikuweza kuirudisha.

Usidhani kosa la mpango ni la wajenzi wadogo peke yao. Hutokea hata katika kazi zilizokusudiwa kupunguza moshi. Karibu na Ziwa Turkana, katika wilaya ya zamani ya Marsabit, ambayo sasa ni kaunti, ilisimamishwa minara 365 ya kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Minara ilikuwa tayari mwaka 2017. Lakini nyaya za kuuleta umeme huo Suswa, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, hazikuwa tayari mpaka Septemba 2018, kwa kuwa ardhi ya kuzipitisha ilichelewa kupatikana na kampuni iliyopewa kazi ilifilisika. Muda wote huo upepo ulivuma bure. Leo minara hiyo yaitumikia nchi vema. Lakini chuma na zege vilikwisha kutoa moshi wao siku nyingi kabla ya taa ya kwanza kuwaka.

Nasi huko Njiru tulianza upya. Tulichimba mpaka chini, tukavizika vipande vya sakafu ya kwanza viwe sehemu ya kujazia. Tulinunua saruji iliyochanganywa na mawe ya volkano yaliyosagwa, ambayo hupunguza kiasi cha chokaa kinachookwa. Zege lilipomwagwa tulilinywesha maji siku saba. Kuta tulizipandisha kwa mawe yaliyochimbwa Njiru na kuchongwa kwa mikono. Mawe hayo hayakupita katika tanuri lolote.

Siku 12 nilizozikataa zilinigharimu muhula mzima. Huenda wewe, msomaji, siku moja utakuwa mhandisi wa barabara, madaraja au mitambo ya umeme. Utaulizwa kazi itakwisha lini. Kabla hujajibu, uliza kwanza kama itarudiwa, na umsikilize yule anayeujua udongo. Mzee wangu hakunikumbusha neno lake hata mara moja. Alipomaliza sakafu ya pili alinipa ndoo, akasema, "Mwalimu, asubuhi na jioni." Nami nikaenda kuteka maji.