Miwani ya Baba Sandukuni

Mchungaji alipotangaza kwamba usharika unakusanya fremu za miwani kuukuu, sisi watoto tulitazamana, kisha tukamtazama Mama. Wote tulijua fremu moja ilikokuwa.

Sababu ya tangazo ilikuwa bibi mmoja wa hapa Buganguzi. Kwa miaka mingi alitusomea Neno katika ibada za nyumbani. Kisha akaanza kusema koo linamsumbua, asome mwingine. Halikuwa koo. Macho yake hayakuona tena cha karibu, jambo linalowapata wengi wetu baada ya miaka 40, naye aliona haya kusema.

Tukaanza kutafuta. Zamani, kahawa ilipolipa, wazee kadhaa walinunua miwani ya fremu nene nyeusi, na walipofariki hakuna aliyethubutu kuitupa. Tuliikuta juu ya makabati, ndani ya makopo ya chai, chini ya vitabu vya nyimbo vilivyochanika. Tuliiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, tukajaribu bawaba na skrubu. Mingi ilikatikia mikononi mwetu.

Ya Baba hatukuigusa. Mama aliitunza kwenye sanduku la bati tangu tulipomzika Baba, imefungwa katika leso. Jumapili ya tatu aliitoa mwenyewe, nasi tukampelekea Bibi ilivyo, lenzi za Baba zikiwemo. Tulijiona wema sana. Baada ya siku mbili Bibi aliirudisha: kichwa kinamuuma, herufi zinacheza. Mhudumu wa macho mjini Bukoba ndiye aliyetufundisha kwamba fremu inaweza kurithiwa, lakini lenzi hupimwa kwa macho ya mtu mwenyewe. Lenzi za Baba zilipaswa kung'olewa.

Hapo Mama alilia. "Niacheni kwanza nisali," alisema. Wiki nzima hatukulitaja jambo hilo. Na tukiri mbele ya Mungu: baadhi yetu tulitamani akatae.

Kuna kisa cha kale kinachotuhukumu. Miwani ilianza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13. Kumbukumbu za watawa wa Pisa zinasema aliyeitengeneza kwanza hakutaka kumfundisha mtu. Mtawa mwenzao, Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313, aliiona, akajitengenezea, kisha akawashirikisha wote ujuzi huo kwa moyo wa furaha. Jina la yule aliyeficha halikuandikwa humo.

Mama aliposema ndiyo, alituonyesha skrubu ya miwani ile. Ilikuwa imekula kutu. "Bwana alishasema kuhusu hazina na kutu," alisema, "na mimi nilidhani anawasema matajiri." Lenzi za Baba alizirudisha kwenye leso. Fremu ikaenda Bukoba pamoja na Bibi, akapimwa, ikawekwa lenzi zake.

Katika ibada iliyofuata Bibi alifungua Zaburi, akanyamaza kitambo. "Waitu," alisema, "kumbe nukta hizi zilikuwepo siku zote!" Akasoma sura nzima bila kusimama. Mwanzoni, kwa ile fremu nyeusi, tulimwona Baba. Kabla hajamaliza tulikuwa tunamwona Bibi, na Mama alikuwa wa kwanza kusema Amina.

Mpendwa, rudi nyumbani ufungue sanduku lako. Huenda unachokitunza humo kwa machozi ndicho jirani yako anachokiomba kwa siri.