Taka za Senta ni za Nani?

Niko Issenye, huku Serengeti, mkoani Mara. Leo sina habari ya siasa wala ya tembo kuingia mashambani. Nataka tuongelee taka.

Nianze kwa kuwatetea watu wangu. Sidhani kama kuna watu duniani wanaofagia kama sisi. Pita hapa saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawaka, utasikia mafagio kila mji. Akina mama na mabinti wameinama, uwanja unafagiwa mpaka unabaki na mistari ya ufagio, na mgeni akikanyaga nyayo zake zinaonekana moja moja. Anayesema sisi hatujali usafi hajawahi kuamka mapema kijijini.

Sasa zifuate zile taka uone zinakokwenda. Zinasukumwa hadi ukingoni mwa uwanja, halafu hatua mbili tatu zaidi, mpaka barabarani au mtaroni. Hapo ufagio unageuka na kurudi nyumbani. Senta ni hivyo hivyo. Mwenye duka anafagia kibaraza chake vizuri kabisa, mama ntilie anamwagia maji mbele ya banda lake vumbi litulie, kinyozi anakusanya nywele zake. Vyote vinaishia kwenye mtaro uleule. Uwanja una mwenyewe, kibaraza kina mwenyewe, mtaro ni wa serikali. Na "wa serikali" kwa Kiswahili chetu cha kila siku maana yake ni wa hakuna mtu.

Zamani hili halikuwa tatizo. Taka za bibi zilikuwa majivu, maganda, magunzi na majani. Ukizisukuma ukingoni, kuku wanachukua chao, mbuzi chao, mchwa wanamalizia. Utaratibu ule wa kusukuma haukuwa na kosa lolote kwa taka zile. Tatizo ni kwamba siku hizi taka zimebadilika na mkono unaosukuma ni uleule. Senta inakua: nguzo za umeme zimefika, vibanda vya kutuma pesa viko kila kona, bodaboda wana kijiwe chao. Pamoja na maendeleo hayo imekuja pampasi. Wanahabari tunaandika sana kuhusu chupa za maji, lakini nenda ukaangalie mtaro wa senta yoyote ya Kanda ya Ziwa uniambie unaona nini. Pampasi haili kuku, haili mbuzi, na mvua kubwa ikija inasafiri nayo mpaka kwenye mto ambao watu wanateka maji.

Kuna jambo limenifanya nifikiri sana wiki hii. Zipo taka zilizowahi kutujaa miguuni halafu zikatoweka, na sikumbuki ufagio ukihusika.

Kumbuka vocha za kukwangua. Miaka ile ya 2000 mbele ya kila duka ardhi ilikuwa na rangi za makampuni ya simu. Leo watu wananunua salio kwenye simu yenyewe, na zile karatasi hazionekani tena. Kumbuka viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakti vya plastiki. Kila kijiwe kilikuwa na zulia la viroba, mpaka serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mifuko ya rambo nayo ilikuwa inaning'inia kwenye miiba ya migunga kama matunda. Zanzibar walianza kuikataza mapema, mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, na Bara tukafuata tarehe 1 Juni 2019, ambapo ukikutwa nayo faini inaanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Wajanja wakaingiza vile vifungashio laini vinavyoonyesha ndani, wakavitumia kama mifuko, hadi mwaka 2021 serikali ikabidi itoe katazo jingine. Bado vipo, tusidanganyane. Lakini miiba ya migunga imepumua.

Halafu kuna chupa ya soda, ile ya kioo. Umewahi kuiona imetupwa mtaroni? Mimi sijawahi. Muuza duka atakukimbiza mpaka nyumbani kwenu umrudishie chupa yake, kwa sababu asipoijaza kwenye kreti analipa yeye. Chupa ya maji ya plastiki nayo, pale ambapo kuna mtu anayenunua makopo kwa kilo, haikai chini nusu saa. Watoto wanaiwahi. Kwa hiyo taka yenye mwenyewe haitupwi, na yenye mnunuzi haidumu chini. Pampasi na mifuko laini havina mwenyewe wala mnunuzi. Basi vinabaki na mtaro.

Najua wengine mmeshaanza kusema: faini! Moshi mbona wameweza? Ni kweli, Moshi ni mfano ambao kila Mtanzania anaujua. Mji ule umewahi kutangazwa mshindi wa usafi wa taifa mara nyingi, na faini ya shilingi 50,000 kwa anayetupa taka ovyo imekuwa maarufu kuliko hata kahawa yao. Mgeni anashuka stendi ameshika ganda la ndizi anatetemeka. Ila nyuma ya ile faini kuna vitu ambavyo sisi hatuvitaji: chombo cha kutupia unakiona, na taka zinakuja kuzolewa. Mtu anapigwa faini kwa sababu alikuwa na pa kutupa akakataa. Wewe njoo Issenye umpige faini ya 50,000 mama anayeuza dagaa, halafu akuulize, "Haya mwanangu, nikatupe wapi?" Utajibu nini?

Hapo ndipo amri nyingi zinapokwama. Mnakumbuka mwaka 2015, kipindupindu kikiwa kimepamba moto, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kutaka tarehe 9 Desemba iwe siku ya kufanya usafi. Shilingi bilioni 4 za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam, na yeye mwenyewe akaonekana akizoa taka Feri. Nchi nzima ilishika fagio. Baada ya hapo ikawekwa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, mtindo unaofanana na umuganda wa Rwanda. Sitaki kuikejeli siku ile, kwa sababu iliamsha watu kweli. Lakini kwenye senta nyingi nilizopita kikazi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi maduka yanafungwa mpaka saa nne, mtendaji anapita, kirundo kinachomwa moto nusunusu, moshi wa plastiki unaingia kwa jirani, basi. Kilichobaki kinarudi mtaroni kwa upepo.

Nikiwa natafuta habari hizi nilikutana na kitu cha Ireland, kisiwa kile jirani na Uingereza. Tangu mwaka 1958 wana mashindano ya miji nadhifu, wanayaita Tidy Towns. Mwaka wa kwanza iliingia miji na vijiji 52, na kilichoshinda ni kijimji kinaitwa Glenties, kaskazini magharibi kule. Mpaka leo yapo. Nilichokipenda ni kwamba wanaofanya kazi ni kamati ya wenyeji wanaojitolea, na jaji akija hatoi tuzo tu na kuondoka. Anaacha maandishi: mahali fulani mmefanya vizuri, ukuta fulani umechakaa, kingo za mto zimepandwa majani kupita kiasi. Mwaka unaofuata watu wanashindana na maandishi ya mwaka jana. Sisi pia tuna mashindano ya taifa ya usafi, na Njombe wamewahi kuyang'ara sana hadi ngazi ya vijiji. Ila ni vijiji vingapi vimewahi kupewa karatasi inayosema, "Mtaro wa nyuma ya soko, rekebisheni"?

Kujitolea kwenyewe siyo kitu cha kuagiza kutoka Ulaya. Wakurya wana risaga: jirani anaita wenzake, wanalima au wanajenga, kisha wanakunywa na kula kwake. Wote mnajua mambo haya kwa majina ya kwenu. Lakini risaga huenda kwenye shamba la mtu, na wewe ukijua zamu yako inakuja. Hakuna anayeita risaga kwa ajili ya mtaro, kwa sababu hakuna wa kuwapikia.

Dar es Salaam walijifunza jambo hili kwa machungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilikuwa linazoa asilimia zisizofika 5 za taka zake zote. Hebu fikiria jiji zima! Palipokuja nafuu, ni pale uzoaji ulipopewa watu wa mtaani wenyewe kwa malipo, mmojawapo ukiwa ule wa akina mama wa KIMWODA kule Hananasif, waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuzoa na kudai ada. Siku hizi shirika la Nipe Fagio, lililoanza mwaka 2013, limefanya na wakazi wa Bonyokwa kitu cha kufanana: taka zinatenganishwa nyumbani, za jikoni zinageuzwa mbolea, wazoaji wana ushirika wao. Mtaro ukapata mwenyewe, na mwenyewe akapata ujira.

Ila kuna upande wa Dar ambao hausimuliwi sana, nao ndio unaoninyima usingizi. Taka zilizozolewa zilikuwa zinamwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Wakazi wakaenda mahakamani mwaka 1988 na kushinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, mpaka mwaka 1991 Mahakama Kuu ikachoka. Likahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule nao wakashtaki mwaka uleule wa 1991, wakashinda. Dampo likaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na mwishowe Pugu Kinyamwezi. Usafi wa Kariakoo umekuwa harufu ya mtu mwingine kila mara.

Sasa rudi Issenye. Sisi bado ni wadogo, ardhi ya kijiji ipo, na serikali ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu sheria ya mwaka 1982, mradi halmashauri ya wilaya iridhie. Mimi hesabu yangu ni rahisi. Kila meza siku ya gulio itoe shilingi 200, kila duka 500 kwa wiki. Ukipata meza 100 na maduka 20, ni shilingi 30,000 kwa gulio moja la wiki. Inatosha kumlipa kijana mwenye mkokoteni na punda azoe senta, mitaro ikiwemo. Taka za jikoni ziende shambani, chupa zikusanywe mpaka zijae gari la kurudi Mwanza tupu, na pampasi na mifuko viende shimoni.

Nimezungumza na akina mama wa sokoni watatu. Wawili walikubali palepale. Wa tatu aliuliza pesa atashika nani, akakataa kuendelea na mazungumzo mpaka nimjibu. Nikamwambia ashike yeye. Akacheka, ila hakukataa.

Kigumu ni shimo. Nilimfuata mzee mmoja mwenye eneo kubwa kidogo nje ya senta, chini ya mteremko. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha uji, ndipo akasema, "Mwanangu, wazo lako zuri. Lakini unajua fisi wa huku. Ukinichimbia shimo la mifupa na hizo nepi, nitalala na fisi mlangoni, na mbuzi wangu je?" Nikasema tutazungushia uzio. Akauliza uzio wa miiba au wa waya, na wa waya atanunua nani. Halafu akanionyesha kwa fimbo korongo lililo pembeni ya eneo lake, maji ya mvua yanapopita yakielekea mtoni, akasema nikiweka shimo juu ya pale nimeweka pampasi kwenye mtungi wa watu.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu. Mzee amesema atakuja, na atasimama kupinga shimo lisichimbwe kwake. Nimemwomba asimame pia aseme lichimbwe wapi, maana yeye ndiye anayejua maji ya huku yanapita njia gani. Amesema atafikiri.