Kafyu Iache Makaa

Ndugu zangu wa Mombasa,

Huku Oxford, kila usiku, saa tatu na dakika tano, kengele iitwayo Great Tom hulia mara 101 katika mnara wa chuo cha Christ Church. Zamani iliwaita ndani wanafunzi 101 wa chuo hicho kabla malango hayajafungwa. Leo hakuna anayeikimbilia, ila kengele ya kafyu haijanyamaza.

Neno hilo tunalijua kwa machungu. Asili yake ni Kifaransa cha kale, na maana yake ni "funika moto". Lilifika Uingereza na utawala wa Wanormani, waliovuka bahari mwaka 1066. Enzi hizo nyumba zilijengwa kwa mbao na kuezekwa nyasi, na moto wa kupikia uliwaka humohumo ndani. Kengele ya jioni ikilia, watu waliyakusanya makaa wakayafukia kwa majivu. Cheche hazikuruka, mtaa ukalala salama. Kulipokucha waliyafukua yangali hai, wakapika. Katazo hilo lilimkinga jirani na kumwachia kila mtu moto wake.

Kwetu neno lilifika limepoteza makaa, limebaki na amri. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, kafyu ikawa silaha ya mkoloni. Ilirudi tarehe 27 Machi 2020 kwa ajili ya korona. Jioni hiyo, hata kabla saa ya kafyu haijafika, abiria wa kivuko cha Likoni walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi. Siku chache baadaye, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, Nairobi.

Siipingi kafyu yenyewe. Maradhi yakienea, kukaa ndani ni kuokoana. Lakini anayetaka tufunge milango aseme kwanza muuza mishkaki wa jioni atakula nini, mama mwenye uchungu atafikaje hospitali, na kivuko kitavusha watu saa ngapi ili wawahi makwao. Amri inayozima riziki ya kesho imemlinda nani?

Wadaini wawakilishi wenu majibu hayo sasa, wakati kuna utulivu. Usiku wa dharura raia hana wa kumsikiliza.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni